Kipimo cha Mignonne

Stany ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ni karani wa ghala na mwimbaji wa kwaya ya parokia, na hapa Dilala hakuna anayempita kwa suruali iliyopigwa pasi. Siku ya maziko alisimama mbele ya jamaa akasema watoto wa kaka yake ni watoto wake. Nilimwamini.

Shekina, binti yangu wa mwisho, ana miaka sita na hajawahi kusimama. Kine, yule mama anayenyoosha viungo vya watoto hospitalini, alinionya: asiposimamishwa kila siku, magoti yatakakamaa. Nichague fremu ya kusimamia, ya chuma kutoka ng'ambo au ya mbao, itakayotengenezwa kwa kipimo cha mwili wake. Nilichagua ya mbao.

Ila karakana ya Edouard, seremala, iko kando ya barabara, na wenye pikipiki wanashinda pale. Mimi, mjane wa mwalimu mkuu, sikutaka binti yetu alazwe juu ya meza apimwe huku watu wakichungulia.

"Uniachie mi, mama," Stany akasema. "Nitamupeleka asubuhi, mbele ya batu kufika."

Nikaenda kufundisha, moyo umetulia.

Fremu ikaletwa bado inanuka vanishi. Tulipomfunga Shekina, ubao wa magoti ulimfika mapajani, mkanda wa kifua ukamkaba shingo. Akalia. Mignonne, binti wa Stany, alikuwa mlangoni akicheka.

"Mama mukubwa, ile ni yangu! Tata Edouard alinipima mi. Na biskuti alinipatia!"

Nikamgeukia baba yake. "Ulimpeleka Mignonne?"

"Beko na miaka sawasawa, mama. Na ni weye ulisema batu basimuone."

"Nilisema wasimchungulie. Sikusema umkane."

"Sasa kwaya yote iseme kwetu kuko..."

"Kuko nini? Maliza."

Akamshika Mignonne mkono, wakatoka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alijikinga kwa maneno yangu mwenyewe.

Kesho yake saa sita mchana, jua kali, nilimvika Shekina gauni la Jumapili, tukapanda pikipiki hadi kwa Edouard.

"Mama, huyu mutoto ni wa nani?" kijana mmoja akauliza.

"Wa marehemu Mwalimu Kabemba. Na wangu."

Nikamlaza mezani mwenyewe. Edouard akanyoosha kamba yake ya kupimia kutoka kisigino hadi goti. Stany akapita ng'ambo ya barabara, daftari la nyimbo kwapani. Alituona. Hakuvuka.