Fundi aliyemficha mumewe rangi ya cheche

Mama Fundi amechuchumaa ubavuni mwa trekta. Ameshika waya wa plagi kwa kitambaa kikavu, na ncha ya waya ameisogeza karibu na chuma cha injini, ikabaki nafasi ya unene wa njiti ya kiberiti. Juu ya kiti, mumewe ameweka kidole kwenye kitufe cha stata.

"Tayari?"

"Piga."

Injini inazunguka, inakohoa, inazunguka tena na kunyamaza. Cheche inaruka kwenye ncha ya waya. Mume hageuki kutazama, maana macho yake hayaoni kitu tangu miaka miwili iliyopita. Anauliza tu, "Rangi?"

"Buluu," anajibu mkewe.

Mwandishi wa makala haya alikuwa amesimama karibu, na cheche aliyoiona yeye ilikuwa ya njano. Mgeni aliyeingia karakana ya watu na viatu safi hana ubavu wa kubishana na fundi.

Mama Fundi ana miaka sitini na mmoja. Jina hilo alipewa zamani kwa sababu ni mke wa fundi, na siku hizi analifanyia kazi. Mumewe watu wanamwita Cheche. Enzi zake hakuhitaji kutazama kama moto unafika kwenye plagi. Alikuwa anashika ncha ya waya kwa kidole, mtu anapiga stata, kisha Cheche anatabasamu huku mkono ukiruka na kusema, "Huu una nguvu," au, "Huu umechoka." Watoto wa mtaani walikuwa wanaacha mpira kuja kumtazama akipigwa shoti kwa hiari yake.

Moyo ulipoanza kumsumbua, daktari alimpiga marufuku mchezo huo. Muda mfupi baadaye presha ya macho ikamchukulia nuru. Mtu mwingine angefunga mlango wa karakana na kukaa barazani kusubiri salamu. Mkewe hakukubali. Kwa miaka thelathini alikuwa amemshikia taa, amempokea nati na kumsogezea spana kabla hajaiomba. Akamwambia kwamba kichwa kipo na masikio yapo, mikono na macho atatoa yeye.

Ndivyo wanavyofanya kazi mpaka leo. Cheche anasikiliza, anapapasa, anauliza. Mama Fundi anaona, anafungua, anajibu. Mwezi mzuri wanapata wateja sita, mwezi mbaya wawili, na chumba cha nyuma wanakolala kinanuka petroli kuliko sabuni. "Nikinunua marashi, yananikimbia yenyewe," anasema mama huyo na kucheka.

Trekta lililowakalia kooni wiki hii ni la mjane mmoja anayeitwa Shangazi na kila mtu, hata waliomzidi umri. Ni zee, la yale ya petroli yenye plagi, ambayo vijana wengi wa gereji hawajawahi kuyafungua. Marehemu mumewe alilinunua likiwa tayari limechoka, na kila msimu linalima shamba lake na la majirani. Mvua zimeshaanza kunukia. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye amenusa, ameahidi kuja kesho na lori. Shangazi amewaambia mafundi kwamba lisipowaka leo atamwachia, kwa sababu hawezi kulima kwa kumbukumbu.

Kwa mafundi wa injini za petroli, rangi ya cheche inamaliza nusu ya kazi. Ikiwa ya buluu, moto una nguvu na kasoro itafutwe kwenye mafuta. Ikiwa ya njano, moto ni dhaifu na kasoro iko kwenye umeme. Cheche aliambiwa buluu, kwa hiyo akaenda kwenye mafuta. Tangi likaoshwa. Mrija ukapulizwa mpaka mashavu ya mama yakauma. Kabureta ikafunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena. Trekta likaendelea kukohoa kama mtu anayetaka kusema neno na kulimeza.

Mchana Mama Fundi alikwenda kunawa bombani, na mwandishi akamfuata. Hakuulizwa swali. Alisema mwenyewe, huku akisugua kucha.

"Umeiona, eeh? Ni ya njano. Nimeiona tangu siku ya kwanza."

Kasoro yenyewe, alieleza, ilikuwa ndani ya distributa. Mle mna ncha mbili ndogo za chuma zinazogusana na kuachana, na cheche yote ya injini inaanzia hapo. Trekta lilipoletwa, Cheche alizifunga mpya mwenyewe kwa kupapasa, kazi yake ya kwanza peke yake tangu macho yaondoke. Alimkataza mkewe asisogee, naye akabaki kutazama kwa mbali. Alipomaliza, akakipaka grisi kile kijiti cha katikati kinachozunguka, kama inavyotakiwa, ila kidole kisichoona hakikujua kipimo. Grisi ikarukia kwenye ncha. Umeme ukawa unapita kwa kusuasua.

Kuifuta ni kazi ya dakika chache. Shida ni kwamba kifuniko cha distributa kina vibanio viwili vinavyolia vikifunguliwa, na mumewe anavitambua vibanio vyake kuliko anavyotambua sauti za wajukuu. "Angesikia, angeniuliza natafuta nini. Ningemjibu nini? Ulivyomaliza siku ile, alikula akiwa anaimba. Mimi nimuharibie?"

Aliposema "ulivyomaliza" alikuwa akizungumza na mumewe, si na mwandishi. Wala hakugundua.

Waliporudi, walimkuta Cheche ameegemea gurudumu kubwa la nyuma, kiganja kimelala juu ya bomba la moshi lililopoa. Alikuwa amekwisha kukata shauri. Alimwambia mkewe ampelekee Shangazi habari kwamba lori lije.

"Moto upo, mafuta yapo, na injini haiwaki," alisema polepole. "Basi kilichoharibika si trekta. Ni mimi. Hiki kichwa nacho kimefuata macho. Tufunge, mama watoto. Nisije nikamuua mtu kwa breki nilizosema ni nzima."

Mama Fundi alisimama pale na kitambaa mkononi. Usoni mwake ilionekana wazi kwamba amefahamu alichokifanya. Alikuwa amemkinga asisikie kwamba mikono yake imekosea mara moja, naye mumewe sasa anaamini kwamba amekosea kila kitu. Huruma ya aina hiyo wengi wetu tumeitoa majumbani kwetu tukajipongeza.

"Baba watoto," alisema, "cheche si ya buluu. Ni ya njano. Tangu mwanzo."

Mzee aliondoa kiganja kwenye bomba la moshi. Upande wa pili wa ua, jirani alikuwa anapiga bati kwa nyundo. Kisha Cheche akauliza swali ambalo fundi pekee angeuliza kwa wakati ule.

"Njano ya mshumaa au njano ya chungwa?"

"Ya chungwa. Tena linaloelekea kuoza."

"Basi ni zile ncha."

"Ni zile ncha. Umezijaza grisi."

"Nyingi?"

"Ingetosha kupaka mkate."

Alicheka kwa pua, kidogo, kicheko kikakatika. Alionekana ameumia, na haikuwa kwa sababu ya grisi. Alimwambia mkewe kwamba alipopoteza macho hakulia sana, kwa kuwa alijua yapo mengine nyumbani. "Ukinidanganya rangi," alisema, "hapo ndipo napofuka. Huruma yako ipeleke kule chumbani, naihitaji sana. Hapa nipe rangi."

"Nimekosa, mume wangu."

"Umekosa. Na mimi nimepaka mkate. Fungua."

Vibanio vililia, kimoja, cha pili. Mama Fundi alifuta grisi kwa kitambaa kilicholowa petroli, akapitisha msasa laini kwenye ncha mbili mpaka zikang'aa. Kabla ya kufunga, alikichukua kidole cha mumewe na kukiweka juu ya kile kijiti, akamwonyesha kiasi cha grisi kinachotakiwa, tone dogo kama chozi la ndege. Cheche alikirudia kitendo kile mara tatu bila kuombwa. Kidole kilikuwa na makovu meupe ya shoti za zamani.

Akapanda kitini. Mama Fundi akauchukua waya, mzee akapiga stata, akauliza rangi. Safari hii mkewe hakujibu mara moja, kwa sababu machozi yalikuwa yanamzuia kuona vizuri. Akajifuta kwa mgongo wa mkono.

"Buluu. Haki ya Mungu, buluu."

Waya uliporudishwa kwenye plagi, trekta liliguna, likatoa moshi mweusi, likashika. Mabati ya jirani yalitetemeka. Shangazi alitokea kona ya nyumba akikimbia na ndara moja mkononi, akasimama, akashika kifua, na kutangaza kwamba ng'ombe hazeeki maini. Mwenye lori alipigiwa simu asijisumbue.

Kazi wameigawana upya. Cheche anapanga kuendelea kuzifunga zile ncha mwenyewe, ila mkewe atakagua kabla ya kifuniko kurudi, na atasema alichokiona hapo hapo. Mama Fundi naye anataka kujifunza kusikiliza injini akiwa amefumba macho, aone kama atasikia anachosikia mumewe. Jaribio la kwanza alitaja plagi isiyo na kosa lolote, na mzee alimwambia hivyo bila kumumunya maneno.

Mwandishi alipomuuliza Mama Fundi anatarajia nini mbele, alipaza sauti kuishinda injini iliyokuwa ikinguruma.

"Natamani ifike siku nimwambie amekosea bila moyo kunienda mbio."

"Na mimi," mumewe alidakia kutoka juu ya kiti, "natamani ifike siku niambiwe nimekosea bila kununa."

"Hiyo ya kwako haifiki," Mama Fundi alisema, akamnyooshea mkono ashuke.