Chukulia Maji Yamesimama

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Boti inakwenda mita sita kwa sekunde, injini inazimwa, inasimama baada ya mita kumi na nane. Mwendo wake umepungua kiasi gani kila sekunde? Nilikuwa kidato cha tatu, Kibiti, mtoto wa Mbwera, na baba yangu alikuwa nahodha wa boti ya abiria. Nikanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, maji yanajaa au yanapwa?"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu akasema katika mtihani maji yamesimama. Sikumwamini, niliongeza mkondo kwenye hesabu, nikapata yai.

Likizo nikamsimulia baba. Shule aliiona kwa nje tu, ila alijua hasa pa kuzimia injini ili boti iguse gati bila kishindo. Alicheka mpaka akakohoa. "Maji ya wapi hayo yaliyosimama? Ya mtungini?" Kisha akaacha kucheka. "Waandikie wanavyotaka, mwanangu. Ufaulu."

Nikafaulu. Zilipokuja hesabu za springi, nishati ni nusu ya ugumu wake mara mraba wa mbano, nilizipenda kuliko zote, maana hazikuwa na maji ndani yake. Nikawa mwalimu wa fizikia palepale Kibiti, na nakiri nilijiona.

Kisha baba akapooza upande mmoja, na ulimi ukamfunga. Nilifika Mbwera wakati wa magharibi. Alfajiri, baada ya sala, nahodha aliyefundishwa kazi na baba alikuwa ameshaleta boti.

"Mwalimu, tuondoke sasa hivi. Leo bamvua, maji yakitoka yanatoka kweli."

Gari la wagonjwa lingefika ng'ambo saa nne. Kilomita ishirini na nne, boti inakwenda kumi na mbili kwa saa: saa mbili tu njiani. Nikasema tutaondoka saa mbili, mgonjwa asije akakaa gatini juani bure. Nahodha alitazama maji, akanitazama mimi, akasema, "Haya."

Tulipofika katikati ya safari, mizizi ya mikoko ilikuwa nje. Baba, chali juu ya godoro, aliinua mkono wake mzima akaunyoosha kushoto. Nikadhani jua linamsumbua. "Tulia, baba," nikamwambia, nikamfunika uso kwa khanga. Haikupita muda injini ikala tope, tukapwelewa.

Tulikaa pale, boti imeinama upande, tope kote. Simu yangu haikushika mtandao. Baba alikata roho kabla ya adhuhuri, mkono wake umo mkononi mwangu, na maji yalikuwa bado hayajarudi.

Msibani watu walinipa pole, wakasema siku yake ilikuwa imefika. Ni kweli, na nimeikubali kazi ya Mungu. Lakini ile saa mbili niliipanga mimi, na sijapata wa kumkabidhi.

Nahodha hakunilaumu hata kwa neno moja. Siku ya arobaini, wageni walipokwisha kula, nilimfuata nikamwomba aseme lolote alilonalo moyoni.

"Kule kushoto alikoonyesha mzee ndiko kwenye kina," akasema. "Mkono wake niliuona, mwalimu. Nikawa nakungoja wewe useme."