Nzau na Chingamu ya Bima

Kengele ya saa nane mchana inalia na zamu ya asubuhi inamwagika nje ya kiwanda cha nguo mjini Thika. Getini mlinzi anampapasa kila mtu mifukoni, maana pamba na kiberiti havikai pamoja. Tobias Nzau anainua mikono, anapapaswa, anatoka akikohoa.

Ng'ambo ya barabara, Mama Waithira ameshafungua mkebe wake. Wavutaji wa kiwandani humwachia vipisi vya sigara wakiingia kazini, kila kipisi kimefungwa uzi wa rangi ya mwenyewe. Cha Nzau ni kijani.

"Aiya! Baba Mwende, leo pia hukitaki?"

"Kitupe," anasema Nzau, lakini macho hayabanduki mkebeni. Anatia chingamu mdomoni na kuitafuna kwa hasira.

Chingamu hiyo imelipiwa na bima ya afya ya wafanyakazi, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Mapema mwaka huu wa 1997, tangazo lilibandikwa getini: mwanachama anayetaka kuacha sigara atalipiwa kliniki, mshauri na chingamu ya dawa. Watu walisoma, wakatazamana. Si ni bima hiyo hiyo iliyomzungusha fundi mmoja kuhusu miwani mpaka akastaafu haoni vizuri? Leo huruma imetoka wapi?

"Tangu lini bima ikamnunulia mtu mzima chingamu?" Nzau anamuuliza mwandishi wa makala haya. "Mimi nilinusa mtego. Unajiandikisha leo, kesho kutwa jina lako liko mezani kwa meneja."

Hofu yake haikutoka hewani. Wafanyakazi walipopunguzwa mwaka jana, wa kwanza kuondoka walikuwa wale waliozoea kuomba ruhusa ya hospitali. Isitoshe, wakati wa kujiunga na bima kila mtu aliulizwa kama anavuta. Idara nzima ya kufuma ilijibu hapana, Nzau akiwemo. Ungedhani humo ndani kuna watawa watupu!

Lakini kifua hakikudanganyika. Kazi ya Nzau ni kupandisha mabunda ya uzi hadi ghorofa ya pili, na alikuwa amefika mahali pa kusimama mara mbili kwenye ngazi akitafuta pumzi. Desemba kuna ukaguzi wa afya, na asiyeweza kubeba hatafutiwi kazi nyingine. Akinyamaza, kifua kitamfukuzisha. Akisema, huenda ulimi ukamfukuzisha mapema zaidi.

"Nilibanwa, bana, huku na huku," anasema.

Basi siku ya mapumziko akaazima kofia ya shemeji yake, akaenda kliniki ya bima iliyoko Ruiru, mahali ambapo hakuna anayemjua. Akaketi kwenye benchi, akageuka kumsalimia jirani. Ngai! Alikuwa msimamizi wake wa zamu, ameinua gazeti hadi puani.

"Umekuja kufanya nini hapa?" msimamizi akauliza.

"Meno. Na wewe, mkubwa?"

"Mgongo."

Kila mmoja akamshuku mwenzake kwamba ametumwa na meneja kupeleleza. Muuguzi, Sista Idah, akafungua mlango: "Wale wa sigara, ingieni." Hakuna aliyetikisika. Akaita tena. Hapo Nzau akashikwa na kikohozi kilichomkunja mpaka kofia ikaanguka.

"Nikaona, wacha niingie tu," anasema. "Ningemdanganya nani na kikohozi kama kile?"

Yule wa mgongo alibaki kwenye benchi. Gazeti hili halitamtaja. Majuzi alimvuta Nzau kando, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ile chingamu ni chungu. Nzau aliendelea kutafuna tu. Hadi leo hajui kama aliulizwa na mgonjwa au na mpelelezi.

Sista Idah anaapa kwamba majina hayatoki kliniki. Nzau anamwamini nusu. Hata mwandishi wa makala haya, Nzau alimdai kitambulisho kwanza, kisha akamuuliza ni nani aliyemtuma.

Sasa ni wiki ya tano bila sigara. Ngazi bado humsimamisha, ila mara moja tu. Anataka ifikapo Desemba apande hadi juu na bunda begani, daktari wa kampuni akimtazama.

Alipoahidiwa kwamba jina lake litabadilishwa gazetini, alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Hapana. Andika Tobias Nzau, idara ya kufuma. Wakinifukuza, Thika nzima ijue nilifukuzwa kwa kuacha sigara."