Hodi Nyumbani kwa Jemadari

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Jioni akishafunika mashine yake, hujitupa kwenye kochi na rimoti ya gemu, akawa askari wa kukodiwa katika Ugiriki ya kale. Farasi anampanda vizuri, na upanga anaucheza balaa. Shida yake ni milango. Jana alisimama nje ya nyumba ya jemadari adui akiita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Shangazi, ingia tu!" nilimfokea kutoka jikoni. "Hao ni picha!"

"Niingie nyumba ya watu kama mwizi? Mimi nimelelewa!"

Akaendelea kubisha mpaka akanichosha. Nikapaza sauti: "Karibu!"

"Ahsante," akajibu, akaingia, akawafyeka wote sebuleni, hakubakiza hata mpishi.