Upande wa Kushoto Ulibaki Mtupu

Juzi pale Ruaha Mbuyuni, tukisubiri lori la vitunguu, kijana anayefundisha watoto mpira alipanga vizibo vya soda juu ya gunia ili anionyeshe mfumo wake. Mbele aliweka vitatu. Nikamwuliza, mmoja wa hao watatu asipokuja, unafanyaje?

"Naweka mwingine, mzee."

Jibu hilo lilinikera siku nzima, na wewe rafiki yangu ndiye nitakayekueleza kwa nini.

Nilikuwa darasa la sita, Rujewa, naishi na bibi, na nilikuwa mshambuliaji wa kushoto. Mwalimu wetu alitupangia mfumo kwa punje za mahindi juu ya dawati: watatu mbele, wawili kati yao wakae pembeni kabisa, karibu na mstari wa majivu uliochorwa pembeni mwa uwanja. Tulimchosha. Akipuliza filimbi tu, wote tunaukimbilia mpira kama kuku waliomwagiwa pumba, naye nyuma yetu anauliza nani katutuma huko. Mimi peke yangu nilijifunza kukaa. Nilikaa mpaka wenzangu wakanisahau, lakini mpira ulipokuja, uwanja wote ulikuwa wangu. Sijaonja raha kama ile.

Kisha mpunga ukaanza kukomaa. Kwelea, ndege wadogo walao mpunga, hushuka asubuhi na jioni, na jioni yao huanza saa kumi, saa ya mechi. Bibi akanipandisha kwenye kichanja katikati ya majaruba, kopo la kugonga mkononi, viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Jumamosi kulikuwa na mechi. Mshindi anakwenda Mbeya mjini. Mwalimu akaja nyumbani mwenyewe, akaegesha baiskeli ukutani.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwomba huyu, Jumamosi tu."

"Marahaba. Kwani hapo mbele unaweka wangapi?"

"Watatu, mama."

"Mimi shambani ninaye mmoja," bibi akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Mwalimu akacheka, na hapo nikajua nimekwisha. Jumamosi akapanga washambuliaji wawili, akaongeza mtu katikati. Kutoka kichanjani nilisikia shangwe mara tatu, na kila mara niliomba iwe ya wageni. Jioni wenzangu wakapita kwenye tuta.

"Oya, tatu bila. Wasalimie ndege wako."

Hilo ningelimeza. Tulipomaliza kuvuna nilikwenda kiwanjani mbio, nikamwambia mwalimu nipo.

"Mfumo umekubali," akasema. "Sasa wewe nikuweke wapi?"

Akaniweka beki wa kushoto. Mimi, niliyekaa kwenye mstari wa majivu wiki mbili wakati wengine wakifukuzana kama kuku.

Huko mjini tulichezea Ilomba, kiwanja cha mteremko, na mpaka dakika za mwisho tulikuwa nyuma bao moja. Nikamnyang'anya mtu mpira, nikainua kichwa. Upande wote wa kushoto ulikuwa mtupu hadi kwenye kibendera. Tangu mfumo ubadilike hakuna aliyekuwa akikaa pale. Nikavuka mstari wa kati.

"Rudi nyuma, we," mwalimu akaita.

Nikarudi. Nikampa kipa mpira. Tukafungwa bao hilohilo moja.

Shule sikuimaliza. Nimeishi Makambako, Mafinga, Iringa, na kila nilipokuta watoto wanafundishwa nimesimama kuuliza maswali, wakaniona msumbufu. Bibi alishafariki, mwalimu alihamishwa, kichanja hakipo, na majaruba yanalimwa na watu nisiowajua. Bibi sina kinyongo naye. Mpunga ule tuliula mwaka mzima. Mwalimu naye alishinda tatu bila, utamlaumu vipi? Anayeniudhi mpaka leo ni yule mtoto mwenye mpira mguuni pale Ilomba. Hakuna aliyemshika jezi. Mbele palikuwa peupe, mbio alikuwa nazo, na akageuka.