Dada Yangu Alitoka Mwekundu

Printa yangu inakaa sebuleni, hapa Nyamasaria, kati ya televisheni na ndoo ya unga. Ndiyo inayonilisha: picha za pasipoti, za harusi, na nyingi zaidi za matanga. Zamani rangi haikuninyima usingizi. Bibi harusi akitoka mwekundu kidogo anasema amependeza, na mzee akitoka wa kijani nampunguzia bei, yanaisha. Halafu dada yangu akafa.

Aliugua muda mfupi tu, tukamzika, nikarudi nyumbani na binti yake wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa akiniita mama mdogo tangu ajue kusema, kwa hiyo nyumba yangu haikuwa ngeni kwake. Lakini siku ile alizunguka akichungulia nyuma ya kila mlango. "Mama iko wapi?" Nikafanya kile ninachojua, nikachapa picha.

Niliipiga mwenyewe, siku tuliposhuka Awasi kununua miwa. Dada amekaa juu ya kreti tupu la soda, ameshika kipande cha muwa, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Sura tulifanana, lakini yeye alikuwa mweusi, mweusi wa kweli, ule unaong'aa bila mafuta. Tulizoea kumtania kwamba akisimama gizani tunasalimia gauni. Naye alikuwa na jibu lake: "Nyinyi mlipauka. Mimi ndiyo orijino."

Karatasi ikatoka. Haiya! Mtu mwekundu kama tofali. Nililia kwa hasira, nikaipiga ile printa kofi kama mtoto mkaidi. Lakini binti alikuwa ananivuta sketi, hawezi kungoja, basi nikaibandika ukutani kando ya kitanda chake, chini, mahali mkono wake unafika. "Huyu ni mama," nikamwambia. "Mama mdogo atakuletea ingine nzuri." Aliiangalia sana, kisha akaigusa shavu.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: huyu mtoto akue akimjua mama yake vile alivyokuwa. Sauti ya dada hatukuwa tumeirekodi. Rangi yake, angalau, ningeipata.

Nilienda mjini kwa bwana mmoja wa Murang'a mwenye studio, tunayejuana kwa kazi. Alicheka kidogo, halafu akaona uso wangu akaacha. "Mama, wewe unaweka wino wa chupa na karatasi ya bei rahisi, halafu unataka printa ijue? Itajuaje? Printa inafuata maelezo ya kiwandani, ya wino wao na karatasi yao. Ukibadilisha hivyo viwili, lazima uitengenezee profaili yake."

Kazi yenyewe ni hii. Unachapa karatasi iliyojaa vijisanduku vya rangi, mamia. Unaiacha ikauke vizuri. Kisha unapima kila kisanduku kwa kifaa maalum, na kompyuta inalinganisha rangi iliyoomba na rangi iliyopata. Hapo inajua printa inakosea wapi na kwa kiasi gani, na inaanza kuirekebisha. Kifaa hicho alinipa. "Uirudishe nzima," akasema. "Na pole sana, mama."

Mara ya kwanza nilisahau kuzima marekebisho ya printa yenyewe. Printa ikawa inasahihisha, profaili nayo inasahihisha, dada akatoka kijivu kama aliyepakwa majivu. Aki nilitukana siku hiyo! Mara ya pili ilikuwa msimu wa mvua ndefu, hewa imelowa, nami kwa papara nikapima vijisanduku kabla wino haujakauka. Takataka. Halafu yule bwana akahitaji kifaa chake kwa kazi ya harusi, nikangoja. Halafu wateja. Halafu nikangoja tena.

Wakati wote huo mtoto aliishi na ile nyekundu. Aliisalimia kila asubuhi. Aliilisha ugali, mpaka mdomo wa dada ukawa na doa la mafuta ya dagaa wa omena. Nilikuwa nikipita naona, nasema moyoni, wacha tu, nzuri inakuja. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakulea mtoto aliyefiwa.

Mwishowe ikaja. Niliipeleka mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Alikuwa yeye. Weusi wake wote, na ule mng'ao kwenye paji la uso. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Asembo Bay. Alipanguza mikono, akaweka mkono wake mtupu kando ya uso wa bintiye kwenye karatasi. Rangi ilikuwa ileile, sawasawa. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "umemrudisha." Tukalia sote wawili bila aibu.

Nikamwita mtoto. Alikuja mbio, akaangalia picha, akaniangalia mimi, uso ukamchangamka kwa kujua jibu.

"Mama mdogo, ni wewe!"

"Hapana, mpenzi. Ni mama."

Akatikisa kichwa, akanionea huruma kabisa. "Mama ni ile ya kwa kitanda."

"Ile ilikosewa. Hii ndiyo mama."

"Hapana! Mama ni nyekundu!"

Kichwa changu kigumu, sikukubali. Nilienda ukutani nikabandua ile nyekundu ili niweke ya kweli. Alipiga ukelele ambao hata siku ya mazishi hakuupiga, akaishika upande wake, nami nimeishika upande wangu, ikapasuka katikati ya kicheko cha dada yangu. Akalala sakafuni na kile kipande. "Rudisha mama yangu!"

Dani, yaani nyanya yake, alimwinua akambeba. Hakunilaumu. Alisema polepole tu, "Mpe mama yake."

Basi nikaketi mbele ya kompyuta. Nikaitoa ile profaili niliyoitafuta miezi yote hiyo, nikarudisha kila kitu kama siku ya kwanza, nikamchapa dada yangu vibaya, kwa makusudi, huku nimeuma mdomo. Ilitoka na kosa lake lote, tofali tupu. Mtoto hakungoja ikauke. Alinipokonya, akaiwekea shavu lake, akabaki na wino usoni.

Halafu akanigeukia, machozi bado yanamtiririka, anatabasamu. "Ona, mama amerudi."

Nikamwambia ndiyo, amerudi.