Ugoro wa Rwezaura

Mdomo wa chini wa Rwezaura ulikuwa umevimba siku zote, maana tangu aanze kuchunga ng'ombe wa baba yake huko Mabira hakuwahi kuuacha bila ugoro. Baba zake wadogo ndio waliomfundisha. Ugoro huleta nguvu za kiume, walimwambia, naye akasadiki kama katekisimu.

Alipomwoa Kemirembe, mwaka 1951, nguvu hizo hazikuonekana. Hamu ilimjia kwa nadra, ndevu ziligoma kuota, na mtoto hakupatikana. Basi mwenzetu akafanya nini? Akaongeza ugoro. Kila mama yake alipouliza habari za mjukuu, yeye alibana mwingine chini ya mdomo. Ujinga gani huu, jamani.

Mwishowe alikwenda kwa dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati ya misheni. Dresa akamtazama mdomo, akasema, "Sina dawa ya hakika. Ila vijana wa ugoro wanaolalamika kama wewe nimewaona. Pengine ugoro unapunguza kile kinachoupa mwili wa mwanamume nguvu zake. Uache, tuone."

Rwezaura alirudi amenuna. Atembee njia yote ile, aambiwe aache starehe yake? Hakumwambia mtu.

Nyumbani aliwakuta baba zake wadogo wameketi uani na mama yake, wanatafuna punje za kahawa. Neno lilikuwa limekwisha kukatwa: Kemirembe ni tasa, arudi kwao Nyabiyonza. Mzigo wake ulikuwa mlangoni, umefungwa. Kemirembe hakulia. Alimgeukia mumewe.

"Bwana, mwaka jana mitamba wa zizi hili hawakushika mimba. Ulimfukuza nani?"

Alimfukuza dume. Kila mtu pale uani alijua, na hakuna mfugaji ambaye angefanya vingine. Hasira zilimpanda Rwezaura, zikakosa pa kutokea. Awakasirikie wazee, dresa, au huu mwili wake uliomwangusha?

"Mama," alisema, "dresa ameniambia tatizo ni mimi."

Wazee wakaacha kutafuna.

"Amesema hivyo kweli?" mkewe aliuliza.

"Amesema pengine."

"Pengine inanitosha," alisema Kemirembe. Akalitoa kopo la ugoro mfukoni mwa mumewe, akalimwaga kwenye samadi mbele ya wote, kisha akaubeba mzigo wake na kuurudisha ndani. Rwezaura alitamani kumkaripia, alitamani hata kulia. Hakumzuia.